Jenereta ya biashara: kupima mzigo, kusoma kibao na kuweka ulinzi

Umeme ukianza kusumbua, maswali huwa yale yale. Mwenye gesti Raskazone, hapa Tanga, anauliza kwa nini jenereta yake ya kVA 10 inazimika pampu ikiwaka tu, wakati pampu yenyewe ni ya HP 2. Muuza samaki wa soko la Deep Sea anataka kujua kama kVA 5 inabeba friza nne. Mwingine wa Ngamiani kauziwa jenereta kubwa kupita kiasi "asije akapungukiwa", sasa ekzosi inadondosha majimaji meusi na fundi anamwambia injini imekufa.

Wote watatu wamekwama sehemu moja: wamejumlisha wati, wakapata namba, wakaenda dukani. Jenereta haipimwi hivyo. Inapimwa kwa dakika yake mbaya kuliko zote, halafu kwa wastani wa siku nzima. Kati ya namba hizo mbili ndipo unapochagua ukubwa, na ulinzi wake unafuata hapo. Nitatumia mfano mmoja, gesti ya vyumba vitano yenye umeme wa fezi tatu. Wewe badilisha namba ziwe zako.

Kabla ya kuanza, uwe na:

- Daftari na kalamu. Kikokotoo cha simu kinatosha.
- Klampu mita (kipima ampea kinachobana waya) inayoweza kushika mkondo wa kuanzia. Zile za bei ya chini kabisa hazishiki, zinaonyesha namba baada ya mota kutulia.
- Picha ya vibao vya mota zako zote: pampu, AC, friza.
- Picha ya kibao cha jenereta unayotaka kununua. Muuzaji asiyetaka kukutumia picha ya kibao, achana naye.
- Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Hatua ya 1 hadi ya 4 unaweza kufanya mwenyewe. Kuanzia ya 5, kaa pembeni umwangalie.

Hatua ya 1: Orodhesha mizigo inayotembea

Andika kila kitu kitakachotumia jenereta na kilowati zake kikiwa kinatembea. Gesti yetu iko hivi:

- Taa za LED na feni: kW 0.75
- TV, ruta na kamera: kW 0.6
- AC tano za BTU 12,000, kila moja kW 1.1: jumla kW 5.5
- Friji mbili na friza moja: kW 0.6
- Pampu ya kisima ya HP 2: kW 2.2 inazovuta kwenye waya (kW 1.5 ya kwenye kibao ni nguvu inayotoka kwenye shafti)
- Birika la umeme: kW 2

Jumla ni kW 11.65. Umeona heita ya kuogea haimo. Heita moja ya papo kwa papo inaweza kula kW 5 peke yake. Mgeni wa Tanga mwezi wa pili hatakulaumu kwa maji ya bomba, kwa hiyo itoe kwenye mzunguko wa jenereta kabisa. Usimwachie mhudumu kazi ya kukumbuka kuizima.

Sasa kVA, yaani volti mara ampea, gawa kwa elfu. Mota, taa za LED na vifaa vya elektroniki huvuta mkondo mwingi kuliko kilowati zake zinavyoonyesha, kwa hiyo kVA huwa kubwa kuliko kW. Birika na pasi hazina tabia hiyo. Ukipima gesti hii kwa klampu utapata karibu ampea 58 ukijumlisha fezi zote. Zidisha kwa volti 230, unapata kVA 13.3.

Hatua ya 2: Andika mkondo wa kuanzia wa kila mota

Hapa ndipo kVA 10 ya Raskazone ilipoangukia. Mota inayowashwa moja kwa moja huvuta mara tano hadi saba ya mkondo wake wa kawaida kwa sekunde moja au mbili, nyingine pungufu kidogo. Pampu yetu inatembea kwa ampea 11, lakini ikianza inagusa 50. Ampea 50 kwa volti 230 ni kVA 11.5. Jenereta ya kVA 10 ikiwa tayari imebeba AC na friji, unaiomba kitu ambacho haina.

Pima, usikisie. Funga klampu kwenye waya mmoja tu wa fezi (ukishika fezi na nyutro pamoja itasoma sifuri, na kuna watu wameamini sifuri hiyo), weka kwenye hali ya mkondo wa kuanzia, washa mota. Rudia mara kadhaa, chukua namba kubwa.

AC za inveta huanza polepole, hazina tatizo hili. AC za kawaida za BTU 12,000 zinaweza kugusa ampea 25 na zaidi kila moja. Mota kubwa za fezi tatu, kama za mashine ya kusaga au za kiwanda cha mkonge, huwekewa sta-delta, ambayo hushusha mkondo wa kuanzia hadi theluthi moja, au softi stata, kifaa kinachoiwasha mota polepole.

Hatua ya 3: Tafuta dakika mbaya

Jiulize: ni wakati gani mizigo mingi huanza pamoja? Watu wengi watasema saa mbili usiku. Hapana. Ni pale jenereta inapochukua mzigo baada ya TANESCO kukata. Kila kitu kilikuwa kimewaka, kila kitu kinarudi kwa mpigo. AC tano zikigusa ampea 26 kila moja, hiyo ni kVA 30. Ongeza pampu, kVA 11.5. Ongeza friji na friza. Umepita kVA 40 kwenye nyumba inayotembea kwa 13.

Utasikia fundi akisema AC zina taima ya ndani ya dakika tatu, usijali. Ni kweli zinayo nyingi, ila zote zina dakika zile zile tatu. Umeahirisha balaa kwa dakika tatu, hujalitawanya.

Dawa ni mpangilio, na ni rahisi kuliko kununua jenereta mara mbili ya ukubwa:

- Sekunde 0: taa, TV, ruta.
- Baada ya sekunde 30: friji na friza.
- Baada ya dakika 1: pampu.
- Kuanzia dakika 2: AC, mbili kwanza, halafu moja moja kila baada ya nusu dakika.

Kontakta (swichi zinazojiwasha kwa umeme) chache na taima kwenye bodi zinafanya kazi hii zenyewe. Ukishapanga hivyo, dakika mbaya inayobaki ni pampu kuanza yenyewe katikati ya usiku tangi likipungua, vitu vingine vyote vikiwa vimewaka: 13.3 toa 2.5 ya pampu ikitembea, jumlisha 11.5 ya kuanza. Karibu kVA 22, kwa sekunde moja au mbili.

Hatua ya 4: Soma kibao kama mkataba

Kibao cha jenereta kina namba kubwa, na pembeni yake herufi tatu ambazo watu wanaziruka. Herufi hizo zinatoka kwenye kiwango cha ISO 8528, na ndizo zinazokuambia namba ile kubwa ina masharti gani:

- ESP: ya dharura. Kiwango kinaiwekea hadi saa 200 kwa mwaka, na wastani wa mzigo ndani ya saa 24 usizidi asilimia 70 ya namba. Haina nafasi ya kuzidishiwa mzigo.
- PRP: ya kutembea bila kikomo cha saa, lakini kwa mzigo unaopanda na kushuka. Wastani wa saa 24 usizidi asilimia 70, na kwa kawaida watengenezaji huruhusu kuzidisha asilimia 10 kwa saa 1 katika kila saa 12.
- COP: ya mzigo usiobadilika, saa zote.

Jenereta moja huwa na namba mbili, mfano kVA 22 ESP na kVA 20 PRP. Kwenye tangazo inaandikwa 22, na fundi makini anahesabu kwa 20. Saa 200 kwa mwaka ni chini ya saa nne kwa wiki. Mtaa wako ukikatiwa zaidi ya hapo, ESP si yako, hata kama muuzaji anakuapia.

Angalia pia kW na pawa fakta (kW ukigawa kwa kVA). Za fezi tatu nyingi zimeandikwa 0.8, maana yake kVA 20 ni kW 16. kVA ni uwezo wa alteneta (sehemu inayozalisha umeme), kW ni uwezo wa injini. Unaweza kumaliza kimoja huku kingine bado kipo.

Joto na mwinuko pia vimo kwenye mkataba. Uwezo wa injini kwa kawaida hutajwa kwa nyuzi 25 na mita 100 juu ya bahari. Tanga mwinuko si tatizo, lakini joto la kaskazi ndani ya kibanda cha mabati ni tatizo kubwa. Mwenzetu anayefunga Lushoto, kwenye mita zaidi ya 1,000, ajue injini isiyo na tabo (kisukuma hewa cha injini) hupoteza karibu asilimia 1 kwa kila mita 100 anazopanda.

Basi gesti yetu ichukue ipi? kVA 15 ni kW 12, na mzigo ukiwa 11.65 imeshafika kooni. kVA 20 PRP ni kW 16: kilele ni asilimia 73, wastani wa siku uko chini ya 70, na alteneta nzuri inavumilia kVA 22 za pale pampu inapoanza kwa sekunde moja kwa taa kupepesa kidogo. Hiyo ndiyo. Ya kVA 50 ingefanya nini? Usiku wa manane mzigo ukishuka hadi kW 4, ingekuwa inatembea kwa asilimia 10. Injini ya dizeli ikitembea muda mrefu chini ya asilimia 30 haipati joto la kuchoma mafuta yote. Masizi yanaganda kwenye nozeli na tabo, na mafuta yasiyoungua yanatoka kwenye ekzosi. Ndiyo habari ya yule wa Ngamiani.

Hatua ya 5: Gawa fezi

kVA 20 ya fezi tatu ni ampea 29 kwa kila fezi. Si ampea 87 popote unapotaka. Fezi moja ikibeba 40 na nyingine 10, jumla iko sawa lakini waya wa alteneta wa fezi ile unaungua.

Mgawanyo wa gesti:

- Fezi ya 1: pampu na birika, ampea 19.7
- Fezi ya 2: AC tatu, taa na feni, ampea 20.5
- Fezi ya 3: AC mbili, friji, friza, TV na ruta, ampea 17.6

Pampu nimeiweka na birika kwa makusudi. Pampu ikianza, volti ya fezi hiyo inazama zaidi kuliko nyingine. Birika halijali volti ikishuka kwa sekunde moja, lakini kompresa ya friji inaweza kukwama.

Hatua ya 6: Weka breka ya jenereta, si ya nyumba

Kosa linaloua alteneta nyingi ni hili: breka ya TANESCO ni ampea 60, fundi anaunganisha jenereta nyuma yake na kusema imeshalindwa. Breka ya 60 kwenye jenereta ya ampea 29 haitaruka hata ukiibebesha mara mbili kwa nusu saa. Breka inalinda kilicho nyuma yake, kwa hiyo lazima iwe sawa na ampea za kibao au pungufu. Hapa weka ya poli tatu ya ampea 25, au ile ya kurekebishika uiweke kwenye 29.

Aina yake pia ni muhimu, na hapa hata mafundi wazoefu hujikwaa. Shoti ikitokea kwenye umeme wa TANESCO, transfoma inamwaga mamia au maelfu ya ampea na breka yoyote inaruka. Jenereta ndogo haina nguvu hiyo. Mkondo wa shoti huanza juu, halafu ndani ya sehemu ya sekunde unashuka. Alteneta yenye msaada wa sumaku ya kudumu au koili ya ziada inashikilia karibu mara tatu ya ampea zake kwa sekunde chache, kwetu ni kama 87. Isiyo na msaada huo, volti inaporomoka na mkondo nao unakufa, huku waya ulioshotika ukiwa bado umeunganishwa.

Breka ya aina C huruka papo hapo ikipata mara tano hadi kumi ya namba yake. Kwa ampea 25 ni 125 hadi 250. Jenereta haishikilii hiyo. Aina B huruka kwa mara tatu hadi tano, yaani 75 hadi 125, na fezi ya pampu ikigusa karibu 59 na birika likiwa limewaka bado iko salama. Chukua B. Kwenye breka za kurekebishika, shusha kiruko cha papo hapo hadi karibu na mara tatu, mradi mkondo wa kuanzia wa mota yako haufiki hapo.

Hatua ya 7: Chenjiova, nyutro na ethi

Jenereta isichomekwe kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi mbili za dume. Sitaeleza kwa upole: umeme huo unarudi kwenye mita, unapanda transfoma, unatoka upande wa pili ukiwa volti 11,000 au 33,000, na kijana wa TANESCO yuko juu ya nguzo akidhani laini imezimwa.

Weka chenjiova (swichi ya kuchagua TANESCO au jenereta) ambayo haiwezi kushika pande mbili kwa pamoja. Kwa fezi tatu iwe ya poli nne ili nyutro nazo zitengane. Nyutro ya jenereta ifungwe kwenye ethi mahali pamoja tu, kwenye jenereta au bodi yake. Bila kiungo hicho kile kifaa cha kukata umeme ukivuja kwa mA 30 (RCD) hakifanyi kazi: mtu anashika friza lenye hitilafu, na kifaa kinatulia tu. Ndiyo maana jenereta ndogo za mkononi, ambazo nyingi nyutro yake haijafungwa popote, zinadanganya watu.

Hatua ya 8: Panga kinga za kontrola

Kontrola, ubongo unaoisimamia jenereta, kama za Deep Sea (kampuni ya Uingereza, si soko letu la samaki) huja na namba za kiwandani. Zihakiki. Kianzio changu kwa mzigo wa namna hii:

- Volti chini ya 200 kwa sekunde 5: kata mzigo. Ukiweka sekunde 1, kila pampu ikianza itakata.
- Volti juu ya 255: zima haraka. Hii ndiyo inayochoma TV za wageni.
- Hezi chini ya 45 kwa sekunde 5: zima.
- Hezi 57: zima bila kusubiri, injini inakimbia.
- Presha ya oili na joto la maji: acha namba za mtengenezaji, na usimruhusu mtu kukata waya wa sensa "ili isisumbue".

Hatua ya 9: Mahali pa kuiweka

Nje, chini ya paa, mbali na madirisha ya vyumba. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua waliolala. Redieta isitoe hewa kuelekea upepo wa kusi, la sivyo hewa moto inarudi ndani. Karibu na bahari, angalia kutu kwenye vituo vya nyaya na ndani ya kisanduku cha AVR (kirekebisha volti cha alteneta) kila miezi michache.

Hatua ya 10: Jaribu kabla mgeni hajafika

Washa, iache bila mzigo dakika tano. Yenye gavana (kidhibiti kasi cha injini) ya mekaniki itasoma hezi 52 hivi ikiwa tupu, na itashuka kuelekea 50 ikibeba mzigo wote. Ni kawaida, usimruhusu mtu airekebishe iwe 50 ikiwa tupu. Ongeza mzigo kwa hatua hadi kama asilimia 75, kaa saa nzima, pima ampea za kila fezi na uandike. Mwisho washa pampu mzigo ukiwepo, tazama volti. Kuzima, toa mzigo kwanza, acha ipoe dakika tatu hadi tano.

Ikisumbua

*Inazimika pampu ikiwaka.* Tazama hezi. Zikishuka sana kabla ya kuzimika, injini imezidiwa au filta ya dizeli imeziba. Hezi zikibaki palepale na volti ikaanguka, tatizo liko kwenye alteneta au AVR.

*Taa zinafifia, hezi ziko 46.* AVR inashusha volti makusudi kuipunguzia injini mzigo. Usiguse skrubu yake. Punguza mzigo.

*Volti inapanda ukiwasha UPS au taa nyingi za LED.* Vifaa hivyo vinaweza kuvuta mkondo kwa namna inayoichanganya AVR, hasa mzigo mwingine ukiwa mdogo. Anza na friji au AC, UPS ifuate.

*Breka inaruka baada ya dakika 20 mpaka 40, si papo hapo.* Hiyo ni joto la mzigo kuzidi, au kiungo kimelegea. Pima fezi zote. Ampea zikiwa sawa, gusa kisanduku cha breka: kikichoma vidole, kaza vituo umeme ukiwa umezimwa.

*Moshi mweusi ukiongeza mzigo.* Kama unatoweka baada ya sekunde chache, ni tabo inashika kasi. Usipotoweka, angalia filta ya hewa, halafu mzigo.

*Majimaji meusi kwenye ekzosi.* Ipe mzigo wa asilimia 70 au zaidi kwa saa kadhaa, hata kwa kuwasha heita ambazo ulizitoa kwenye hatua ya 1, kwa zamu na kwa usimamizi. Yakiendelea baada ya hapo, fundi wa nozeli aitwe.

*Friza zinakataa kuwaka lakini taa zinawaka.* Volti ya fezi yake iko chini. Hamishia friza kwenye fezi isiyo na mota nyingine, kisha upime tena zikianza.